Wapangaji wa Bibi

Kwa Kiswahili anaitwa chekeamwezi. Ndege huyu amepewa majina mengi duniani, na mimi naona hili ndilo lililomtendea haki. Wanasayansi wanamwita Burhinus, neno lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake pua ya ng'ombe. Wazungu wa Afrika Kusini wanaosema Kiafrikana walimtazama kichwani wakamwita kichwa kinene. Waingereza wakashuka miguuni wakamwita goti nene, na hata hapo wakakosea, maana kile kiungo kilichovimba katikati ya mguu wake mrefu si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lake lenyewe liko juu zaidi, limefichwa na manyoya. Waswahili hawakumpima viungo. Walikaa nje usiku, mwezi ukatoka, wakamsikiliza.

Kama ni kicheko, basi ni kicheko cha peke yake. Huanza na filimbi fupifupi, moja, mbili, tatu, kisha zinapanda zikiharakishana kama mtu anayepandisha ngazi mbio, halafu pumzi inamwishia, sauti inashuka na kufifia. Kabla haijazima kabisa, mwenzake anaidaka upande wa pili wa uwanja. Usiku wa mbalamwezi wanaweza kupokezana hivyo kwa muda mrefu. Ukiwa umelala ndani, peke yako, huijui sauti hiyo ni ya nani, utajifunika shuka hadi kichwani.

Nimekulia Singida mjini, upande ambao mji ulikuwa bado haujaamua kama ni mji. Aliyewahi kupita kwetu anaijua ile ardhi: mawe makubwa ya matale yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga kisha akaitwa, ziwa Kindai na ziwa Singidani yenye maji ya chumvi, upepo usiochoka, na mashamba ya alizeti ambayo baada ya mavuno hubaki uwanda mtupu hadi mvua za mwisho wa mwaka. Mgeni akipita Oktoba husema hakuna kitu. Kwa chekeamwezi, pale ambapo hakuna kitu ndipo nyumbani. Huyu wetu, mwenye madoadoa, hapendi msitu wala majani marefu. Anataka ardhi iliyo wazi, kavu, yenye mawe na vichaka vya hapa na pale, ili amwone adui akiwa mbali. Ukoo wake uko karibu na ndege wa fukweni, wale wanaokimbizana na mawimbi, lakini yeye amejichagulia ufuko usio na bahari.

Mchana humwoni. Anasimama chini ya kichaka au anajilaza, rangi yake ya udongo na michirizi yake ya kahawia ikiungana na mchanga na kivuli, na hatikisiki hata ukipita hatua chache kutoka alipo. Ukimkaribia zaidi hainuki kwa kishindo kama kanga. Anainamisha kichwa, anatembea haraka kidogo, anasimama, anatembea tena, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kutaka kuonekana. Jua likizama ndipo anaanza kazi: mende, panzi, mchwa, pengine mjusi au chura. Macho yake ni makubwa kupita kiasi kwa kichwa kile, ya njano, yaliyoumbwa yakusanye kila chembe ya mwanga iliyobaki. Ukimmulika kwa tochi, yanawaka.

Haya yote sikuyajua kwa kusoma. Kwanza niliyajua kwa baba yangu, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku.

Baba alilinda ghala la alizeti kwa miaka kumi na tisa. Vifaa vyake vilikuwa rungu, tochi, filimbi na koti zito la mtumba ambalo Juni na Julai, upepo unapokata kama wembe, lilikuwa halitoshi. Aliondoka nyumbani magharibi na kurudi kumekucha, tukiwa tunavaa sare za shule. Mchana alilala, nasi watoto sita tulifundishwa kuishi kwa minong'ono. Majirani waliokuwa hawajui ratiba yake walidhani Mama ni mjane.

Uwanja uliokuwa mbele ya ghala lile ulikuwa na chekeamwezi, na Baba aliwahesabu kuwa walinzi wenzake. "Mimi nina macho mawili na usingizi," alikuwa akisema, "wao wana macho mawili na hawana usingizi." Aliwasikiliza kama dereva anavyosikiliza injini. Kulikuwa na kilio cha kawaida cha jioni, cha kuitana tu. Kulikuwa na kile kirefu cha mbalamwezi. Na kulikuwa na sauti fupi, kali, iliyokatika ghafla, ambayo maana yake ilikuwa kwamba kuna kitu kinatembea ardhini. Hapo Baba alizima redio na kusimama. Mara nyingi alikuwa mbwa. Mara nyingine paka pori. Mara mbili, katika miaka yote hiyo, walikuwa watu wenye kiroba na koleo, na mara zote mbili Baba alikuwa amesimama tayari gizani kabla hawajafika kwenye uzio.

Shangazi yangu, dada yake Baba wa tumbo moja, alikuwa na elimu tofauti kuhusu ndege hao hao. Kwake, ndege anayelia usiku karibu na nyumba amekuja na taarifa, na taarifa haijawahi kuwa ya harusi. Kwa nini watu wa kwetu wauogope usiku, si jambo la kuuliza kwa kejeli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wilaya ya Singida ilitikiswa na mauaji yaliyosemekana kufanywa na watu-simba, binadamu waliovishwa ngozi na kutumwa kuua wenzao. Serikali ya kikoloni ilifungua kesi, na watu walinyongwa. Babu zetu walikuwa watoto au vijana wakati huo. Waliozaliwa baada yao walirithi kanuni: giza likiingia, ingia nawe, na ukisikia sauti usiyoijua, usitoke kuiuliza jina.

Na hofu hiyo si yetu peke yetu. Huko Australia, ambako ndugu wa ndege huyu hulia usiku kama mtu anayeomboleza, jamii nyingi za wenyeji zimekihusisha kilio chake na kifo. Huko Amerika ya Kusini, mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez aliandika mwaka 1950 hadithi fupi ambamo ndege wa ukoo huu wanawanyofoa macho wanaume watatu. Lakini katika bara hilo hilo kuna watu wanaowafuga ndege hawa nyumbani, wawalie wadudu. Ndege ni yule yule. Kinachobadilika ni aliye upande wa pili wa sauti.

Nilikuwa darasa la sita mwaka ambao elimu ya Baba na elimu ya Shangazi zilikutana, na katikati yao akawa amesimama bibi mmoja jirani yetu.

Bibi huyo aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa, pale uwanja ulipoanzia. Mume alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Alikuwa na mbuzi wanne, kuku wa kienyeji wasio na idadi, na jiko la mafiga matatu ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Moshi wa miaka sitini ulikuwa umemwachia macho mekundu. Kila alfajiri alifagia uwanja wake hadi ukawa mweupe. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alikuwa akitupa ubuyu na hakuwahi kuuliza tumetumwa na nani.

Oktoba ya mwaka huo mtoto wa jirani wa tatu aliugua homa, akapelekwa hospitali, akafariki. Alikuwa na miaka minne. Kwenye matanga, mtu mmoja alisema kwamba siku tatu kabla ndege walilia kwa bibi. Mwingine akasema si siku tatu tu, wanalia kila usiku, na kila mara ni pale kwake. Wa tatu akasema, "Na yale macho?" Hakuna aliyemaliza sentensi. Haikuhitajika kumalizwa.

Kila Mtanzania anayesoma magazeti anajua sentensi hiyo huishia wapi. Tumezoea kusoma habari za mauaji ya vikongwe, hasa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mara nyingi ushahidi ni macho mekundu: macho ya mwanamke aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote ili wengine wale. Singida inapakana na Shinyanga. Habari hizo hazikuwa za nchi ya mbali. Wiki moja baada ya mazishi, bati la bibi lilipigwa mawe usiku. Usiku wa pili tena. Kijana mmoja wa mtaani akaanza kusema aitwe mtu wa ramli, mambo yawekwe wazi.

Baba aliyasikia haya saa nne asubuhi, wakati alipotakiwa kuwa amelala. Namkumbuka amekaa ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini, akimwuliza Mama maswali mafupi. Walilia saa ngapi? Upande gani? Walilia kwa kupokezana au kwa kukatika? Mama akasema, "Baba nanihii, watu wanataka kumwua mama wa watu, wewe unauliza upande." Akajibu, "Ndiyo, nauliza upande."

Aliomba ruhusa ya usiku mmoja kazini. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akamwomba awaite wanaosema, si wote, watatu tu: yule kijana wa ramli, rafiki yake, na mjomba wa mtoto aliyefariki. Huyo wa mwisho alimfuata mwenyewe nyumbani, akampa pole upya, akamwambia, "Kaka, mimi siji kukubishia msiba wako. Nakuomba ukeshe nami usiku mmoja tu, kisha useme utakalo." Mimi nilibeba tochi ya akiba.

Tulikaa kwenye mawe, kama hatua mia kutoka nyumba ya bibi, kuanzia saa tatu. Mwezi ulitoka mkubwa, umekatwa kidogo pembeni. Hakuna aliyezungumza. Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka baridi ya jiwe. Kisha wakaanza, karibu sana, na yule kijana akashika mkono wa mwenzake. Baba akaacha sauti ipande, ishuke, ijibiwe. Akasema polepole, "Huyo anamwita mkewe. Hana neno na mtu."

Baada ya muda ikaja ile nyingine, fupi, ya kukatika. Baba akanyoosha rungu upande wa kushoto. "Kuna kitu kinatoka kule kwenye mkonge. Hesabuni." Sikufika hamsini. Mbwa mwekundu, mwembamba, asiye na mwenyewe, akatokea kwenye mwanga wa mwezi akinusa ardhi, akapita zake. Jambo hilo lilitokea mara mbili kabla ya alfajiri. Mara ya pili hakuwa mbwa; alikuwa mlevi anayerudi kwake akiimba kwa sauti ya chini, na ndege walimtaja kabla hatujamsikia.

Kulipopambazuka Baba alitupeleka, kwa mstari mmoja, akituonyesha mahali pa kukanyaga. Kama hatua arobaini kutoka mlangoni kwa bibi alisimama, akachuchumaa. Sisi hatukuona kitu. Akaelekeza kidole hadi kikakaribia kugusa. Mayai mawili, rangi ya udongo mkavu, yamenyunyiziwa madoa meusi, yamelala juu ya ardhi tupu, pembeni yake mavi ya mbuzi yaliyokauka. Hakukuwa na kiota. Ilikuwa ni alama tu ya kifua cha ndege kwenye mchanga. Hatua chache mbele, ndege mwenyewe alikuwa amesimama, mabawa ameyatandaza, mkia ameuinua, akitutazama kwa yale macho ya njano. Ndege mzima ana urefu kama wa mkono wangu wa wakati ule kutoka bega hadi kiganja. Alikuwa tayari kupigana na wanaume wanne, balozi na mimi.

Baba akaeleza kwa ufupi, kama anayekabidhi zamu. Mume na mke hupokezana kuatamia, siku zipatazo 24. Wanalia hapa kwa sababu mayai yako hapa. Mayai yako hapa kwa sababu bibi anafagia, na ndege huyu anataka ardhi nyeupe. Na kwa sababu mbuzi wa bibi wanaacha samadi, samadi inaleta mende, na mende ndio ugali wake. "Mama huyu hajamwita ndege," alisema. "Amefanya usafi."

Ningependa kusema kwamba wote walielewa pale pale. Yule kijana wa ramli alikuwa na akili, na akili ikishaingia kwenye shimo la namna hii huchimba zaidi. Akasema, "Sawa, mzee. Lakini uwanja ni mkubwa. Mbona wametaga kwake? Mbona hawakutaga kwako?"

Hilo ni swali lisilo na mwisho, kwa sababu kila jibu unalolipa linalilisha. Baba alilifikiria kwa sekunde kadhaa. Akasema, "Kwangu kuna watoto sita, mbwa, na mama watoto anayedai kodi ya meza kila asubuhi. Wewe ungetaga?"

Balozi ndiye aliyecheka kwanza. Kisha rafiki wa kijana. Kisha, kwa namna ya mtu ambaye hakucheka kwa wiki mbili na kifua kimesahau njia, mjomba wa marehemu. Bibi alitoka mlangoni na ufagio, akakuta wanaume wamesimama uwanjani kwake wakicheka alfajiri. Tukamwamkia, akaitikia marahaba moja baada ya nyingine, hakuruka mtu. Aliangalia tulipokuwa tunaangalia. "Ah, hao," akasema. "Wapangaji wangu. Mwaka wa tatu huu hawajalipa kodi."

Mawe hayakurudi. Balozi alitangaza kwamba atakayeokota jiwe atajieleza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na nadhani hilo lilisaidia zaidi ya mayai. Shangazi hakubadilika, hadi leo ndege akilia anataja jina la Mungu na kufunga dirisha. Mjomba wa marehemu alianza kumpelekea bibi maji siku za Jumamosi, bila maelezo. Wiki tatu baadaye mayai hayakuwepo. Vifaranga wa chekeamwezi hawasubiri kulishwa kiotani, kiota chenyewe hakipo. Wakikauka tu wanatembea nyuma ya wazazi. Kwa siku kadhaa Baba alidai amewaona wawili. Sisi wengine tulikuwa tukiona mchanga.

Nimesoma baadaye, chuoni, namna nyingi za kueleza imani kuhusu ishara na mikosi. Nyingi ni nzuri. Hakuna iliyonikaa kama neno la Baba tulipokuwa tunarudi nyumbani asubuhi ile. Alisema, "Mlinzi anamsikia ndege kila usiku. Mfiwa anamsikia usiku mmoja." Hakusema kwa dharau. Alikuwa anaeleza hesabu. Ndege yule alilia usiku ambao mtoto alikufa, na alilia pia usiku ambao hakuna aliyekufa, ambao ng'ombe walizaa, ambao Simba na Yanga walitoka sare, usiku mia tatu ambao hakuna mtu aliyekuwa macho kuuandika. Anayesikiliza mara moja, katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, hana namna ya kujua kwamba sauti ile haikuja kwa ajili yake. Ili ujue hivyo, lazima uwe umekesha sana. Na kwa kawaida wanaokesha sana ni watu ambao hatuwaulizi kitu: walinzi, wauguzi wa zamu, mama wa vichanga, vikongwe wasiopata usingizi.

Bibi alifariki miaka minane baada ya hapo, kitandani kwake, kwa uzee, mwanawe wa kwanza akiwa amemshika mkono. Nilirudi kwa mazishi. Kwenye matanga niliwauliza watu watano kama ndege walilia usiku ule. Hakuna aliyekumbuka.

Uwanja sasa umepimwa. Kuna vigingi vya zege vyenye namba, misingi ya nyumba, na taa za nje zinazowaka hadi asubuhi. Kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga, bado kuna jozi moja au mbili. Siwezi kumlaumu mtu kwa kujenga. Na sisi tulijenga. Lakini ardhi ambayo hati yake inasema ni tupu ilikuwa na wapangaji, na hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuwaandika.

Baba amestaafu. Mwili wake haujapokea barua. Usiku wa manane bado yuko macho, na amehamishia kitanda dirishani. Mama ananisimulia kwenye simu kwamba sauti ile fupi ikikatika nje, mzee huinuka nusu, hutulia, husema, "Kuna mtu anapita." Naye humvutia blanketi begani na kumjibu, "Apite salama. Si zamu yako."